Kifungu cha Ndugu Wawili

Wifi yangu alikuwa kwenye televisheni tena, na mama mkwe alikuwa ametunyamazisha watu wazima sebuleni kwake ili amsikilize vizuri.

"Mtazameni alivyopendeza," alisema. "Hata sauti yake si ile ya nyumbani."

Kweli haikuwa ya nyumbani. Nyumbani wifi huongea kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Kwenye televisheni alikuwa ameishusha sauti, ameilainisha, na nyuma yake kulikuwa na mstari mwekundu ulioteremka kutoka kona ya juu ya kioo hadi chini kabisa. "Tangu sheria mpya ya silaha ianze kutumika," alisema, "vifo vya risasi nchini vimepungua kwa theluthi moja." Kisha akanyamaza kidogo ili theluthi yake ituingie. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa pekee, alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, akimtazama kwa macho ambayo mimi sikumbuki mara ya mwisho kutazamwa nayo.

"Huo mstari umeanzia wapi?" niliuliza.

Nilinyoosha kidole kwenye kioo.

"Angalieni pembeni, kwenye namba. Haukuanzia sifuri, umeanzia mia na hamsini. Ndiyo maana unaonekana umeporomoka namna hiyo."

"Hebu tusikie," alisema mama mkwe, bila hata kugeuza shingo.

Mimi ni mtakwimu. Tangu nitoke chuoni kazi yangu ni vifo. Kila anayefariki katika nchi hii, habari zake hufika katika kitengo chetu, tukampa namba kulingana na kilichomuua, akaingia kwenye jedwali. Waliokufa kwa risasi wanakuja mezani kwangu. Ofisini wananiita Mama Vifo na mimi naitika bila kununa. Kwa hiyo theluthi moja ya wifi ilitoka mezani kwangu. Yeye alikuwa nesi wa wodi ya majeruhi, na mwaka jana aliacha wodi ghafla, akaanzisha chama cha kutetea sheria ya silaha, akachukua jumla mbili kutoka kwenye taarifa niliyoiandika mimi, akazitia rangi nyekundu, akawa mtu maarufu. Taarifa hiyo naiandika kila mwaka na sijawahi kuulizwa neno na mtangazaji yeyote, hata wa redio ya mtaani. Kimoyomoyo nilimpa jina, nikamwita Spika, kama spika ya redio.

Ulikuwa wivu, sitaupaka rangi. Nilimwonea wivu kwa televisheni, kwa mama mkwe aliyekuwa akiwaonyesha majirani video zake kwenye simu, kwa watu waliokuwa wakinisimamisha sokoni kuniuliza kama mimi ndiye mke wa kaka yake. Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni Alhamisi.

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima, mimi nikiwemo, tunamwita Fundi. Alikuwa na duka lake dogo, kioo mbele, meza yenye taa nyuma, mpaka majambazi walipoingia mchana kweupe wakamlaza chini. Baada ya hapo akaomba kibali, akapata bastola. Miaka mitatu iliyopita ikaja sheria mpya: bastola za watu binafsi zitunzwe kituo cha polisi, kwenye ghala la silaha, na anayetaka kurudi na yake nyumbani aombe. Hapo ndipo kilipo kifungu kilicholeta kelele zote. Kabla ya kumkabidhi mtu silaha yake, ofisa wa ghala lazima awapigie simu ndugu wawili wa karibu, watu wazima, na kuwauliza kama wana pingamizi. Pingamizi moja linatosha kuizuia, na anayepinga halazimiki kutoa sababu. Watu wakakiita kifungu cha ndugu wawili. Kiliwakera wanaume wengi. Mtu na ndevu zake, walisema, aombewe ruhusa kwa mkewe.

Fundi hakulalamika. Alipeleka bastola yake kituoni siku za mwanzo kabisa, akarudi dukani kwake. Kisha mwaka jana jengo lote la maduka likabomolewa kupisha barabara, na tangu hapo anakaa kaunta ya mtu mwingine, akibadilisha betri na mikanda. Akawa mtu wa maneno machache. Nilijiambia atazoea, nami nilikuwa na taarifa ya mwaka ya kumaliza.

Lakini ikifika Alhamisi jioni alipata miguu. Alinyoa ndevu, akabadilisha shati, akaenda kwa dada yake, akarudi amechangamka kidogo. Nikimuuliza walizungumza nini, anasema, "Mambo tu." Kuna siku nilimpigia simu akiwa huko, wifi akapokea, na nyuma ya sauti yake nikamsikia mume wangu akicheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho nyumbani kwangu kwa miezi. Nilisema nimepiga kwa bahati mbaya, nikakata simu. Mwanamke anaweza kujua la kufanya kama mumewe anatoroka kwenda kwa hawara. Kwa dada yake, utamshtaki wapi?

Basi fikiria furaha yangu siku Mkurugenzi aliponiita ofisini kwake.

"Kamati ya bunge inapitia sheria ya silaha," aliniambia. "Chama cha wenye silaha kinataka kifungu cha ndugu wawili kiondolewe. Wifi yako anataka kibaki. Kamati inataka mtu asiye na upande awaeleze takwimu. Nimekuchagua wewe, maana wewe husemi zaidi ya ulichokihesabu."

"Na yule ni wifi yangu. Haitaleta maneno?"

"Wewe unaweza kumpendelea?"

"Hapana," nilisema, na hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko alivyojua.

Nilifunga mlango nikafanya kazi ambayo wifi hakuifanya. Theluthi yake ilikuwa kweli: kabla ya sheria, watu kama mia tatu kwa mwaka, sasa, mia mbili. Sikuweza kumkamata hapo. Lakini jumla ni gunia, lazima ulimwage mezani uone kilichomo. Nilikaa nikatenganisha waliouawa na mkono wa mtu mwingine na waliokufa kwa mkono wao wenyewe, na jibu likajitokeza kabla hata sijamaliza chai. Waliouawa na wengine walikuwa mia na sitini kabla ya sheria, na sasa mia na hamsini na tano. Yaani palepale. Majambazi hawapeleki bunduki zao kituoni kutunziwa. Theluthi yote ya wifi, karibu mtu hadi mtu, ilitoka kwa wale waliojiua: kutoka mia na arobaini hadi arobaini na tano.

Nilirudi nyumbani nimejaa raha nikashindwa kuificha.

"Kamati imeniita," nilimwambia Fundi tukiwa mezani. "Jumatano."

Aliacha kula. "Dada naye anazungumza Jumatano."

"Najua. Yeye kwanza, halafu mimi."

"Lazima uwe wewe?"

"Unamwonea huruma dada yako?"

"Nauliza tu kama lazima uwe wewe."

"Anawaambia watu sheria imepunguza mauaji, Fundi. Haijapunguza. Nikiondoa waliojiua, ule mstari wake unalala chali."

"Kwa nini uwaondoe?"

"Kwa sababu hao si uhalifu. Sheria ililetwa kuzuia uhalifu. Huwezi kuchanganya."

"Lakini nao wamekufa," alisema.

"Wamekufa kwa shauri lao."

Alinyanyuka, akachukua kikombe chake ambacho hakikuwa kimetumika, akakiosha kwa muda mrefu, akakipanga. Nilidhani amenuna kwa ajili ya dada yake, na nikanuna pia. Tulilala tumepeana migongo.

Jumatano nilivaa suti yangu ya kijivu. Ukumbi wa kamati ulikuwa na meza ndefu ya nusu duara, vipaza sauti vyenye taa ndogo nyekundu, na safu za viti vya watu wa kawaida. Niliketi upande wa wataalamu nikapanga karatasi zangu. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia wifi na wenzake wa chama, na nyuma yao mume wangu, amembebea dada yake mkoba. Mkoba wa kike, mwekundu, umening'inia begani kwake. Hakuja upande wangu. Aliniinulia mkono kidogo, kama unavyomsalimia jirani, akakaa nyuma ya kiti cha wifi, akaupakata ule mkoba.

Nilijikaza kisabuni. Lakini ndani nilikuwa nachemka, na kila alichokisema wifi kwenye kipaza sauti kilizidi kunichochea. Akasema theluthi moja. Akasema maisha mia moja kwa mwaka. Akasema simu mbili tu, dakika chache za usumbufu, si bei kubwa kwa mtu aliyebaki hai. Wabunge wawili wakaitikia kwa vichwa. Fundi akafuta jicho kwa kidole, akidhani hakuna anayemwona. Mimi nilimwona.

Zamu yangu ilipofika nilizungumza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Niliwaonyesha mhimili wa namba usioanzia sifuri, wakacheka kidogo. Niliwagawia jumla katika mafungu mawili. Niliwaeleza kwamba idadi ya waliouawa haikubadilika, na kwamba tofauti ya watu watano inaweza kutokea mwaka wowote, sheria iwepo isiwepo. "Waheshimiwa," nilisema, "kama swali ni je, sheria hii imewalinda wananchi dhidi ya wauaji, takwimu zinasema hapana."

Mbunge mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliinua kalamu. "Mtaalamu, nisaidie. Hao waliojiua wamepungua sana. Je, hilo si jambo? Au wamehamia njia nyingine?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo mimi humrudisha nalo mtumishi mpya kila akiniletea ripoti nusu. Jibu lake lilikuwepo, kwenye meza ya mwenzangu tunayekaa ubavu kwa ubavu, anayeshughulikia sumu na njia nyingine zote. Sikuwa nimemuuliza. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, sijui, na kamati ingeahirisha wiki moja. Lakini nilitazama mbele nikamwona Fundi amepakata mkoba wa dada yake, na dada yake amegeuka anamnong'oneza kitu, na yeye anamwitikia kwa kichwa taratibu, kama watu wenye nyumba yao.

"Mheshimiwa," nilisema, "mtu aliyeamua kufa atakufa tu. Akikosa bastola atatafuta kitu kingine. Kumpigia simu mkewe hakubadilishi kitu."

Nilikuwa namtazama mume wangu nilipoyasema hayo. Alishusha macho kwenye mkoba.

Mwenyekiti akamuuliza wifi kama ana la kujibu. Wifi akainuka. Nimemjua mwanamke huyu tangu siku ya posa yangu, na sijawahi kumwona akikosa la kusema. Hata msibani husikika. Akafungua mdomo. Kisha akageuka, akamtazama kaka yake. Fundi akatikisa kichwa, mara moja, hapana. Wifi akasimama pale na mdomo wake wazi.

"Sina la kuongeza, mheshimiwa," alisema, akakaa.

Nitasema nilichohisi kwa sababu sitaki mtu anifikirie vizuri zaidi ya ninavyostahili. Nilihisi utamu. Ulinianzia miguuni. Spika amezimwa, na aliyemzima ni Mama Vifo, mbele ya mumewe.

Kamati ikatutoa nje wajadiliane. Hawakuchukua muda. Tulipoitwa ndani mwenyekiti alisoma uamuzi wao kwa sauti ya mtu mwenye njaa: kamati inapendekeza kifungu cha ndugu wawili kiondolewe, kwa kuwa, kwa maelezo ya kitaalamu iliyoyapata, hakuna ushahidi kuwa kinaokoa maisha. Waziri mwenyewe alikuwa ameshatangaza kwamba atafuata chochote kamati itakachosema, kuanzia mwezi ujao. Wenye silaha wakapeana mikono. Mmoja wao akaja akanipa mkono na mimi.

Nilimkuta Fundi kwenye maegesho, amekaa ndani ya gari letu, kiti cha abiria, mlango wazi. Mkoba alikuwa ameurudisha kwa mwenyewe. Niliingia nikawasha gari, nikasubiri aniambie nimemdhalilisha dada yake. Nilikuwa na jibu tayari.

"Zima kwanza," alisema.

Nikazima.

"Mwaka jana, duka lilipobomolewa, nilikwenda kituoni kuomba bastola yangu."

"Ya nini? Duka halikuwepo tena."

Aliniacha na swali langu mwenyewe, na nilikaa nalo mle garini mpaka likanijibu. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na sikuweza kuiondoa.

"Ofisa akaniambia nikae kwenye benchi nje wakati anapiga simu," aliendelea, kwa sauti ileile anayomwelezea mteja kilichoharibika kwenye saa yake. "Niliwapa jina lako na jina la dada. Wewe walikupigia kwanza."

"Hapana."

"Walikupigia."

Na hapo nikakumbuka. Nilikuwa kwenye kikao cha kuhakiki taarifa ya mwaka. Simu ikaita, namba siijui, nikatoka mlangoni. Sauti ya mwanaume, yenye adabu: mume wako anaomba arudishiwe silaha yake, je, una pingamizi? Nilisema, sina, ni yake. Akaniuliza, una uhakika, mama? Nikamwambia niko kikaoni. Kisha nikarudi ndani kubishana kuhusu safu ya saba ya jedwali. Jioni sikumwuliza Fundi hata kidogo. Nilikuwa nimesahau.

"Ofisa alitoka akaniambia, mkeo amekubali, bado mmoja," Fundi alisema. "Nilikuwa nimeshasimama. Kisha akampigia dada. Dada hakuuliza kitu. Alisema, ninapinga, halafu akakata. Sijui aliondokaje wodini. Alikuja na sare zake za kazi, viatu vya wodini, akaketi nami kwenye lile benchi. Hakunihutubia. Alikaa tu mpaka giza likaanza kuingia, tukaenda kwake tukala."

"Alhamisi," nilisema.

"Ilikuwa Alhamisi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alifikiri. Fundi si mtu wa kukurupuka. "Kwa sababu ungeniuliza imetokea mara ngapi," alisema.

Nililia, lakini sikulia kwa uchungu wa mke mwema, na sitajisingizia. Sehemu ya machozi yale ilikuwa wivu bado. Kwamba alikuwa amefika ukingoni na mkono ulioshika shati lake haukuwa wangu. Kwamba mwanamke yule alikuwa na kitu kikubwa kuliko vyote kuhusu mume wangu, amekaa nacho kifuani mwaka mzima, akaenda nacho kwenye kila televisheni asikitoe, na leo, alipohitaji kukitoa ili ashinde, akanyamaza kwa sababu aliombwa anyamaze. Nilikuwa nimemwita Spika.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya wafagizi. Mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye kwa ubaya uleule wa ofisi yetu tunamwita Bwana Sumu, alipoingia nilimdaka mlangoni.

"Nataka waliojiua kwa njia nyingine zote," nilimwambia. "Kabla ya sheria ya silaha na baada yake."

Alifungua kompyuta bila kuvua koti. Akanionyesha. Mistari ilikuwa imelala, mwaka hadi mwaka, hakuna iliyopanda. Watu karibu mia moja waliokosa bastola hawakuwa wamehamia kwake. Hawakuwa wamehamia popote kwenye vitabu vyetu. Walikuwa wanatembea mitaani, wanabadilisha betri za saa.

"Mbona hukuniuliza kabla ya kwenda bungeni?" alisema Bwana Sumu. "Ni hatua mbili kutoka kwako."

Najua hoja zote za upande wa pili, maana ni kazi yangu kuzijua. Mwaka uleule wa sheria hospitali zilianzisha simu ya ushauri ya bure. Huenda ni hiyo. Huenda ni vyote viwili. Huenda kifungu chenyewe kimeokoa wachache, na kutunza silaha kituoni ndiko kulikookoa wengi. Takwimu haziwezi kumshika mtu mmoja mmoja begani na kumuuliza wewe uliokolewa na nini. Lakini jana nilikuwa nimeulizwa swali, na nilijibu kwa uhakika jambo ambalo sikuwa nimelihesabu, na lilikuwa uongo.

Mkurugenzi alinisikiliza amesimama.

"Takwimu ulizotoa zilikuwa na kosa?"

"Hapana. Kosa ni sentensi ya mwisho."

"Sentensi si takwimu," alisema. "Andika maelezo ya ziada, tutayaweka nyuma ya taarifa ya mwaka ujao."

"Kifungu kinaondolewa mwezi ujao."

"Mama Vifo, kamati haitakutana tena kwa sababu mtaalamu amelala akaamka na mawazo mengine. Na wakikuuliza kilichokubadilisha, utawaambia nini?"

Nilichokuwa nacho hakikuwa changu kukisema. Nikaelewa, kwa kuchelewa na kwa aibu, wifi alivyosimama jana na mdomo wazi. Niliandika maelezo hayo hata hivyo, nikayatuma kwa mwenyekiti wa kamati na kwa yule mbunge mwenye miwani, kwa jina langu. Mpaka ofisi inafungwa hakuna aliyejibu.

Jioni Fundi alinyoa, akabadilisha shati. Nilimwambia nitampeleka mimi. Hakukataa. Nilipoegesha mbele ya nyumba ya wifi taa ya mlangoni ilikuwa inawaka. Wifi alitoka akasimama kizingitini, akaona ni gari letu, akaona ni mimi. Hakunisogelea wala hakunifukuza. Aliinua mkono wake kunikaribisha, akaushusha, akabaki pale akisubiri. Alikuwa amechoka usoni kuliko kwenye televisheni. Nilijua nitalazimika kushuka nimwombe radhi, na nilijua nitashuka, ila si kabla ya jambo moja.

"Mwezi ujao hawatampigia mtu simu," nilisema.

"Najua."

"Utaweza kwenda tu ukaichukua."

"Najua, mke wangu."

"Utakwenda?"

"Leo hapana." Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulinitisha kuliko ahadi yoyote. "Jana pia hapana. Siku nyingi ni hapana. Kuna siku sijui."

"Siku hiyo usiyojua, uniambie," nilisema. "Niambie mimi. Hata nikiwa kikaoni. Hata kama ni usiku. Mimi ndiye mkeo."

Alitaka kuitikia. Niliona anatafuta neno la kunipa, kwa sababu ni mtu mwema na hapendi kuniumiza. Lakini macho yake yalikuwa yameshatoka, yamevuka kioo cha gari, yamefika mlangoni, kwa yule aliyekuwa amesimama pale chini ya taa. Hakuyapeleka yeye. Yalikwenda yenyewe, njia yaliyoizoea. Naye akayarudisha haraka kwangu, akaanza, "Nitaku..."

"Usiseme," nilimwambia.

Nilimshika mkono, ule unaoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi bila kutetemeka. Kila nilichokuwa nimekitaka kwa mwaka mzima kilikuwa kimenijaa mdomoni, na ilinibidi nikimeze chote ndipo nipate nafasi ya kusema.

"Mwambie yeye," nilisema. "Siku hiyo usinitafute mimi, usipoteze muda. Mwambie yeye kwanza."